Fundi Asiyehisi Sindano

Saa tatu asubuhi, Alhamisi tarehe 2 Aprili 1992, mvua nyembamba inanyesha mtaani Nyakabanda na maji mekundu yanateremka barabarani. Barazani, fundi Shabani Hakizimana, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, anadarizi kifua cha kanzu nyeupe. Kila baada ya mishono michache anageuza kitambaa, anakagua vidole vya mkono wake wa kushoto, kisha anaendelea.

Anakagua kwa sababu hahisi.

"Kidole cha mwisho na cha pete vimelala," anasema. "Vilianza kuwaka moto usiku, halafu ganzi. Nikadhani ni uchovu wa saumu."

Mukantwari, anayeuza uzi na vifungo pembeni yake, hainui kichwa. "Mzee, leo iko unashona, ama iko unasalimia kitambaa?"

"Nakisalimia, mama. Chenyewe hakijibu."

Mapema katika Ramadhani hii, alipokuwa akidarizi kanzu ya Idd ya mchinjaji Yusufu Gasana, sindano ilimchoma kidole cha pete chini ya kitambaa, tena na tena, naye hakushtuka. Alitambua alipoona wekundu wa damu. Doa lilifuliwa, likafifia, likakataa kutoka.

Muuguzi wa zahanati, Illuminée, alimgonga polepole nyuma ya kiwiko. Vidole vikaruka kama vilivyopigwa na umeme. "Baba, iko unaegemea hapa?" Anaegemea, kwenye ukingo wa meza ya cherehani, tangu ujana.

Ubongo, alieleza muuguzi, haugusi chochote wenyewe. Umefungiwa ndani ya fuvu, unategemea kuletewa habari. Habari hupanda kwa neva, kutoka kwenye ngozi hadi uti wa mgongo na kuendelea kichwani. Amri nazo hushuka kwenye misuli. Neva ya vidole hivi viwili hupita nyuma ya kiwiko, juu ya mfupa, bila nyama ya kuikinga. Ikikandamizwa kwa miaka, maumivu hayaripotiwi, na misuli isiyopata amri hunyauka. Tayari pana bonde kati ya kidole gumba na cha shahada.

Agizo lilikuwa fupi: aupumzishe mkono miezi mitatu, ama aupoteze. Lilimkuta katika mwezi unaompa karibu nusu ya mapato ya mwaka. Hakizimana aliwarudishia wateja wote vitambaa vyao. Alibakiza kimoja, alichokinunua mwenyewe ili amshonee Gasana kanzu nyingine.

Gasana alikwisha kumsamehe. Wengi wangeshukuru na kunyamaza. Hakizimana hapokei msamaha wa kazi ambayo bado anaweza kuifanya, ingawa kila mshono unamchelewesha kupona.

"Mungu akijalia, mwezi wa saba nitarudi hapa," anasema, akikinyoosha kiwiko kilicholazwa juu ya mto mdogo. "Ukingo huu nitauvisha sponji. Nimechoka, lakini sijamaliza."

Adhuhuri, kanzu ikiwa imekwisha, Gasana anafika na mwavuli, noti mkononi. Anaijaribu kanzu juu ya shati, anatunisha kifua, Mukantwari anacheka.

"Bwana harusi! Mke wa pili iko wapi?"

"Nyamaza, we mama." Gasana anamgeukia fundi. "Mzee, mimi nilisema ile ya kwanza iko sawa. Lile doa ningefunika na koti."

"Watu ungewaficha. Mimi je?"

Gasana ananyoosha noti. Hakizimana anaisukuma kwa mkono wa kulia, kisha anaifunika cherehani.

"Hii sikukuuzia. Nilikuwa nadaiwa. Sasa sidaiwi."