Mume Anayebadilishwa Kila Asubuhi

Kina mama wa kanisa letu hapa Ruiru hawapendi maswali yasiyo na jibu. Nililijua hilo, na bado nikawatumia hadithi yangu kwenye kikundi chetu cha WhatsApp. Ilimhusu mwanamke ambaye kila asubuhi anaamka na kukuta kitu kimoja cha mumewe kimebadilishwa: leo kicheko, kesho mkono wa kushoto, kesho kutwa namna ya kutafuna. Mwaka unaisha, na hakuna hata ukucha uliobaki wa yule aliyemwoa. Lakini mtu yumo ndani ya nyumba, na anajua chumvi inakaa wapi. Je, mwanamke huyo bado ni mke wake? Niliishia hapo, nikajiona nimefikiri sana, nikasubiri sifa.

Jumamosi walikuja wanne, wamebeba unga, sukari na Biblia. Kwetu mzigo huo hupelekwa nyumba yenye msiba au yenye ndoa inayoyumba, na sisi hatukuwa tumefiwa.

Mume wangu ndiye aliyewafungulia. Walimsalimia mmoja mmoja, na macho yote yakaenda kwenye mkono wake wa kushoto.

"Baba, uko sawa kweli?" mwenyekiti wao akamuuliza.

"Niko tu poa, mami. Karibuni chai."

Alipoingia jikoni, mwenyekiti akaniinamia. "Alianza kuchange lini?"

"Mami, hiyo ni story tu. Nimetunga."

"Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tuombe."

Wakaikemea roho ya kubadilisha watu kwa sauti iliyofika kwa majirani, huku mgonjwa mwenyewe amesimama mlangoni na trei ya vikombe, akingoja amina kabla chai haijapoa. Nilijiuma mdomo nisicheke.

Walipoondoka, kicheko kiliniisha. Mwenyekiti hakuwa amekosea sana. Tangu kiwanda kimoja cha Thika kimwachishe kazi, mtu wangu aliyekuwa akichekesha harusi nzima alikuwa amegeuka mtu wa kuzima redio, kupika chapati na kukaa. Swali la hadithi lilikuwa langu: huyu aliyebaki, ninampenda? Niliogopa jibu, ndiyo maana nikalivalisha swali mavazi ya kubuni.

Alikuwa akikusanya vikombe. "Hiyo story nimeisoma," akasema. "Jirani alinitumia."

"Na ukaonaje?"

"Ni tamu. Lakini umesahau kitu. Huyo mzee naye, si yeye pia huamka anapata bibi mwingine?"

Pamoja na falsafa yangu yote, haikuwa imenipitia akilini kumuuliza yule mume anaona nini akifungua macho.

"Mimi nilioa msichana wa kuimba akifua nguo," akaendelea. "Siku hizi niko na mwingine, anaongea na laptop. Ukimwita kukula anakuangalia ni kama wewe ndiye mgeni."

Nikamsaidia kupanga vikombe kwenye trei. "Sasa huyo wa pili umemfanyia nini?"

"Nimekuwa nikimtongoza, mos mos, bila haraka. Kwani unafikiria hizo chapati huwa napikia nani?" Akapangusa meza, hakuniangalia. "Bado hajanijibu."