Alama ya Tano

Mimi si mtu wa kushangazwa. Shule niliacha mwaka wa tatu, useremala nikajifunza kwa kutazama mikono ya wengine, na leo ukisikia gitaa kati ya Gatete na Minago, jua nimelitengeneza mimi. Hata vile vyuma vidogo vya shingoni, pale kidole kinapobana kupata sauti, nilivikata mwenyewe kwenye spoki za baiskeli. Kipimo changu ni ufito wa mwanzi wenye alama kumi na mbili. Niliukata nilipounda gitaa la kwanza, na mengine yote yametoka humo.

Mwaka jana akaja mwalimu mpya wa kwaya ya Minago, umri wa binti yangu, kuagiza gitaa la tano la kwaya. Akauliza kama nasoma noti. Nikamjibu kwamba gitaa halisomi karatasi.

"Basi baba, wewe unichongee, mimi nikusomeshe. Tumelipana."

Kila Jumamosi asubuhi akaja na kinanda chake kidogo cha kupuliza. Nilishika upesi, sifichi. Zile noti zilikaa kwenye mistari kama ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwenye kichanja, nami nikazisoma mojamoja. Jumamosi ya tatu tukapiga pamoja: do, re, mi. Kwenye fa akasimama.

"Baba, fa yako iko chini."

"Yako ndiyo iko juu. Hicho kitu ni plastiki."

Nikamwita mke wangu, aliyekuwa anamenya mihogo uani, aimbe atuamue. Akaimba. Fa yangu kabisa!

"Umesikia?" nikasema.

Mwalimu hakucheka. "Mama, umeimba pembeni ya magitaa haya miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili. Na hajaniuliza hata siku moja kama nimechoka."

Nikachukua kipande cha spoki, nikakisogeza chini ya uzi taratibu mpaka sauti ikalingana na ya kinanda. Nikalaza ufito wangu pale. Alama ya tano ilikuwa nyuma kwa upana wa njiti ya kiberiti. Hapo nikakumbuka: siku ile kisu kiligonga kifundo cha mwanzi, nikakata pembeni yake, nikasema haidhuru.

"Miezi minne nawagombeza waimbaji wangu," mwalimu akasema polepole, "kumbe masikio yao mazima. Pasaka tunaimba pamoja na kwaya ya mjini, wao wana kinanda kikubwa. Magitaa yako itabidi yabaki nyumbani, baba."

Hilo lilinichoma. Jina langu liko ndani ya yale magitaa.

Ufito nikauvunja, mke wangu akawashia jiko. Nikakata mwingine, nikapanda pikipiki, mlango kwa mlango, nikihamisha chuma cha tano. Watu niliwaambia nimewaletea fa mpya, bora zaidi, bure. Wakanishukuru: murakoze, fundi. Kwamba nilikosea, naandika hapa kwa mara ya kwanza.

Pasaka nilikaa benchi la mbele. Fa ilipofika, magitaa na kinanda vilitoka kama sauti ya mtu mmoja. Mke wangu peke yake, pembeni yangu, alibaki na ile ya zamani.

Magitaa thelathini na moja. Spoki, gundi na pikipiki, jumla zilinitoka faranga laki mbili, elfu kumi na sita na mia tano.