Kiganja Kwenye Bomba la Moshi

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimekunywa, nakujibu: sikunywa. Na kama unataka kusema kwamba gizani mtu huona mengi yasiyokuwepo, basi jua kwamba ilikuwa saa tisa mchana. Mvua ilikuwa inanyesha, hilo sikatai, lakini macho yangu yote mawili yalikuwa wazi. Haya yalinipata mimi mwenyewe kwenye barabara ya Fizi, baada ya Kigongo, kabla hujafika Makobola. Anayetaka ushahidi aje Songo, mtaa wa Uvira, nitamwonyesha kwa mkono wangu.

Mimi ni fundi wa pikipiki. Nilitoka Baraka nikafungua garaji yangu hapa Uvira, na mteja wangu wa kwanza kabisa alikuwa Mama Neema. Huyu ni mkunga, mjane, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, anayezalisha wanawake wa vijiji vya ufukweni kuanzia Kalundu kwenda kusini. Pikipiki yake aliachiwa na marehemu mumewe. Huyo mume sikuwahi kumwona, hata kwa picha. Nilipohamia hapa alikuwa ameshazikwa mwaka mzima.

Sasa, pikipiki hiyo ni ya injeksiyo. Kwa asiyejua, maana yake haina kabureta. Ina kompyuta ndogo chini ya kiti inayopima petroli, ama esanse kama tunavyosema huku, na kompyuta hiyo inategemea kidude kimoja kinachofungwa ndani ya bomba la moshi. Tunakiita sonda. Sonda inanusa moshi na kuiambia kompyuta: ongeza, punguza. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Bomba la zamani lilioza kwa kutu. La aina ile halikupatikana, nikaagiza jingine kutoka Bujumbura, zuri, linang'aa kama sufuria mpya. Wakati wa kulifunga nikakuta halina tundu la sonda. Wewe ungefanya nini? Fundi mwenye akili angetoboa na kuchomelea. Mimi nilikuwa na wateja watatu kwenye benchi wananikodolea macho, nikaona uvivu. Nikaifunga sonda kwa waya chini ya tangi, ikaning'inia huko hewani. Taa ya injini ikaanza kukonyeza. Nikachukua utepe mweusi, ule wa mafundi wa umeme, nikaiziba, kisha nikampa Mama Neema funguo.

"Iko muzuri?" akaniuliza.

"Iko muzuri sana, mama."

Unanicheka? Cheka tu. Nilistahili.

Haikupita wiki akairudisha. Inatoa moshi mweusi, inalia pa! pa!, ikipata joto inazima. Badala ya kumwambia ukweli nikabadilisha bugi, ile plagi ya kutoa cheche. Akarudi tena, nikaosha chujio. Mara ya tatu alikuja akiwa na tope hadi magotini. Pikipiki ilikuwa imemwacha njiani, akatembea kwa miguu, na alipofika mtoto alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa nyanya yake, salama kwa bahati tu. Hakupiga kelele siku hiyo. Aliniambia, "Fundi, siku ingine bahati haitakuwako." Afadhali angenipiga kofi.

Pikipiki ilikuwa bado kwangu nilipopigiwa simu. Mama Neema alikuwa Makobola, alikuwa amepanda gari la watu asubuhi. Kulikuwa na binti anazaa kwa mara ya kwanza, mtoto amekaa vibaya tumboni, lazima afikishwe hospitali mjini. Gari hakuna, mvua imeanza. "Leta piki," alisema. "Leta sasa hivi." Akakata.

Nikaondoka. Kalundu nikawapita wanawake wakikusanya ndagala, dagaa wa ziwani, walioanikwa mchangani kabla mvua haijawalowesha. Nikapita Kigongo. Mbele kidogo, pale ambapo mkono wa kuume ni ukuta wa mlima na mkono wa kushoto ni ziwa tupu, pikipiki ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikazima.

Nikabonyeza starta, haikuwaka. Nikaisukuma mbio, haikuwaka. Niamini, sijawahi kuogopa vile maishani mwangu. Kulikuwa na binti nisiyemjua jina, anaweza kufa yeye na mwanawe, na sababu ni kipande cha waya nilichokizungusha kwa mikono yangu. Nilisimama mvuani nikalia.

Ndipo nikasikia mluzi. Mtu alikuwa anakuja nyuma yangu akipiga mluzi taratibu, wimbo wa kanisani, mtu asiye na haraka. Mwanamume wa makamo, shati la kaki, mikono imekunjwa. Alitokea wapi? Hapo hakuna njia ya kushuka mlimani, na mtumbwi sikuuona.

"Jambo, papa," nikamwambia.

Aliinamia dashibodi, akaubandua ule utepe kwa ukucha. Taa ilikuwa bado inakonyeza.

"Juu ya nini umemuziba mudomo?" akaniuliza.

Akachuchumaa, akaishika sonda iliyoning'inia kwenye waya, akatikisa kichwa.

"Iko inapumua hewa tupu. Kompyuta inazani hewa iko mingi, inaongeza esanse. Inaongeza, inaongeza, bugi inalowana, piki inazima. Weye ndiyo unaidanganya, fundi."

"Sasa miye nifanye nini?"

"Chomoa waya yake yote. Ikikosa habari itapima yenyewe. Itakula esanse, lakini itafika."

Nikachomoa. Akafungua bugi, akaifuta kwa pindo la shati lake, akairudisha, na muda wote ule mluzi haukukatika. Nilikuwa nimeanza kutulia, nikiwaza kwamba huyu ni fundi wa kijijini, Mungu amempitisha hapa. Kisha akasema, "Ukirudi, toboa hapa," akaweka kiganja chake juu ya bomba la moshi.

Ndugu yangu, bomba lile lilikuwa la moto. Matone ya mvua yalikuwa yakiligusa yanachemka, tsss, yanapotea. Yeye aliuacha mkono pale kama unavyopima homa kwenye paji la uso wa mtoto. Hakushtuka, hakuna harufu ya kuungua.

"Nati ya sonda iko bado ku bomba ya zamani," aliendelea. "Uliitupa nyuma ya choo. Ikate, uichomelee hapa. Na uendeshe polepole, bibi yangu hapendake kurushwarushwa."

Nani alimwambia nilikotupa bomba la zamani? Nikabonyeza starta nisimtazame usoni, na injini ikawaka mara moja. Nilipogeuka kumshukuru, barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma. Mlima, ziwa, mvua. Nilitamani kukimbia kwa mwendo wote wa pikipiki, lakini alikuwa ameniambia polepole, nami sikuwa na ushujaa wa kumbishia.

Makobola tulimweka yule binti katikati, Mama Neema nyuma akimshikilia, mimi mbele. Pikipiki haikuzima hata mara moja. Iliguna tu na kutoa moshi, ikatufikisha. Kabla jua halijazama binti alikuwa amepata mtoto wa kike mwenye sauti ya kusikika hadi getini, na mama mtu amelala salama. Nikakaa kwenye ngazi za hospitali, na furaha ikanishika hadi nikajikuta nacheka peke yangu.

Mama Neema alipotoka nikamweleza yote. Nilianza na sonda na utepe, maana hilo ndilo lililonichoma. Alinisuta, nakuambia! Aliniita muongo mbele ya walinzi, akaniuliza kama mimi mwenyewe nilizaliwa na mama au niliokotwa. Nikakubali yote. Halafu nikamsimulia habari za yule mtu, shati la kaki, mkono kwenye bomba. Hapo hapo akashuka ngazi, akaenda hadi ilipo pikipiki.

Pale kwenye bomba jipya kulikuwa na alama ya kiganja, rangi ya bluu kama chuma kilichounguzwa. Vidole vinne vizima, na kidole cha mwisho kifupi, kimekatika kwenye kiungo. Bomba lilikuwa limeshapoa. Mama Neema akaweka mkono wake mdogo ndani ya ule mkubwa.

"Alikuwa anakohoa?" akaniuliza.

"Nani, mama?"

"Ule muntu. Alikuwa anakohoa?"

"Hapana, mama. Alikuwa anapiga mluzi."

Akakaa chini palepale, kwenye maji. Kidole kile, aliniambia, kilikatwa na mnyororo wa baiskeli kabla hawajaoana. Mumewe alikuwa mtu wa mluzi tangu asubuhi hadi usiku, mpaka kifua kilipomshika. Mwaka wake wa mwisho hakuwa na pumzi ya kupuliza hata mshumaa. Alikohoa mpaka dakika ya kufa, na miaka yote hii mkunga huyu alikuwa akilala na kile kikohozi masikioni.

"Basi, alipona," akasema. Analia, anacheka, vyote pamoja. "Alipona, fundi."

Nati niliikuta kwenye bomba la zamani, nyuma ya choo. Nimeichomelea katikati ya kiganja kile, sonda ikakaa mahali pake, na tangu siku hiyo pikipiki haijazima tena. Alama haitoki. Mama Neema huifuta kwa kitenge kila Jumapili, na ole wake atakayeigusa kwa msasa. Mimi utepe mweusi siuweki tena garajini. Mvua ikinyesha nikiwa ninajaribu pikipiki ya mteja, mara nyingine nasikia mluzi nyuma yangu. Siogopi tena. Napunguza mwendo tu.

Na wewe fundi uliyeziba taa ya pikipiki ya mtu, ukamwambia iko muzuri, kaubandue huo utepe leo. Usingoje mwenyewe aje kuubandua.