Mume Wangu Alipopanda Mnazi Munje

Tuliondoka London kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imetunyang'anya ndoa yetu. Sisemi kwamba tuligombana. Hata nafasi ya kugombana hatukuwa nayo. Mimi nilihudumia wazee mchana, mume wangu Wanyonyi alilinda maghala usiku, na karibu yote tuliyopata yalimezwa na mwenye nyumba. Tulikutana mlangoni, yeye akivua koti, mimi nikivaa langu. Watoto walipokwisha kujitegemea, nikamwambia twende pwani ya Kenya, tukapange nyumba ya bei nafuu, tulale pamoja na kuamka pamoja kama watu waliooana. Sisi ni wa Bungoma, na pwani hatukuwa na jamaa hata mmoja. Wanyonyi alikubali shingo upande. Alisema atakaa mpaka masika yaishe, kisha ndipo aamue, na tiketi yake akaikata ya kwenda na kurudi. Yangu nayo ilikuwa ya kurudi, maana lazima mmoja wetu angerudi kufunga nyumba, lakini ya kwake ndiyo iliyoninyima usingizi.

Uwanja wa ndege wa Mombasa tulipokewa na joto. Wanyonyi alikuwa bado amevaa koti lake zito, nikamuuliza kama anakwenda Diani au anakwenda kupanda mlima. Dereva alitupitisha barabara mpya ya Dongo Kundu, juu ya madaraja marefu, mikoko imetanda chini kulia na kushoto. Nilimtazama mume wangu akitazama nje. Vimya vyake nimevizoea, navijua kimoja kimoja, lakini kile cha siku ile sikukijua.

Diani tulikaa wiki moja tukitafuta nyumba. Dalali wetu alikuwa mama wa Nakuru aliyehamia Ukunda zamani, mcheshi, mikufu imejaa shingoni. Alitupeleka kwenye jumba lenye ukuta mrefu.

"Hii ni poa sana, mum," akaniambia. "Swimming pool iko, jenereta iko, majirani ni wazungu tupu."

Aliposema kodi, Wanyonyi akauliza, "Tumemkimbia mwenye nyumba London ili tumkute Diani?"

Dalali akacheka mpaka mikufu ikalia. "Basi endeni Munje, kule Msambweni. Kuna mama Mdigo anapangisha nyumba. Lakini huyo anachagua watu, nawaambia mapema."

Munje tulifika asubuhi, tumejipiga pasi kama watu wanaokwenda kuposa. Bi Mwanasiti, mjane wa makamo ya mama yangu, alikuwa kwenye baraza la nyumba yake. Ya kupangisha ilikuwa ubavuni, ya mawe na bati, ua mpana nyuma yake. Wanyonyi akamwambia, "Habari yako, mama." Bi Mwanasiti akabaki anamtazama kwa upole, hajibu. Nikamfinya mume wangu.

"Shikamoo," akasema.

"Marahaba, baba. Sasa tumeonana. Karibuni." Akatutembeza kila chumba. "Sina masharti mengi. Kunde limeni, mchicha limeni, kisima ni chetu sote. Nikiwa na neno nitawaambia, nanyi mkiwa na neno msilifiche."

Masika yote tulikaa humo, mvua ikipiga bati hadi tukawa tunazungumza kwa ishara. Niligundua kwamba mume wangu huimba akinawa uso. Yeye akagundua kwamba nikisonga ugali huwa nazungumza peke yangu, akawa ananijibu kutoka ukumbini. Nilikuwa na furaha, na furaha ile ilinitia hofu, kwa sababu mvua zilikuwa zinapungua na Wanyonyi alikuwa hajasema kitu. Niliogopa kumuuliza nisije nikapata jibu.

Mwisho wa mvua alikwenda Matuga kununua mbegu za mboga, akarudi na mche wa mnazi. Akachimba shimo nyuma ya jiko, akaupanda, akaukanyagia udongo vizuri. Nikamuuliza wa nini.

"Mtu anayeondoka hupanda sukuma wiki," akasema, bila kuinua kichwa. "Mimi nimepanda mnazi."

Nililia palepale, mikono imejaa unga. Hilo ndilo neno nililokuwa nikilingoja tangu London.

Kesho yake asubuhi Bi Mwanasiti alikuja kisimani, akauona mche. Siku hiyo hakutusalimu.

"Nani kapanda huu?"

"Mimi, mama," Wanyonyi akajibu, uso umemchangamka. Kwetu Bungoma, ukipanda mti mahali ulipokaribishwa vizuri, umeshukuru.

"Nani kakupa ruhusa? Baba, hapa kwetu shamba laweza kuwa langu na mnazi ukawa wa mtu mwingine. Anayepanda ndiye mwenye mti. Marehemu babangu alimkaribisha mgeni, mgeni akapanda minazi. Mgeni alipokufa, watoto wake walikuja kudai minazi, kisha wakadai na ardhi iliyo chini yake. Nusu ya shamba letu ilikwenda hivyo." Akauelekezea mche kidole. "Mpangaji hapandi mti. Ung'oeni, na mwezi ukiisha mnirudishie nyumba yangu."

Wanyonyi aliingia ndani. Nikasikia zipu ya sanduku, nikajua anatafuta tiketi. Sikumfuata. Nilikwenda barazani kwa Bi Mwanasiti, nikamkuta anakuna nazi kwenye mbuzi, nikaketi chini.

"Sikuja kuutetea mnazi, Bi," nikamwambia. "Tutaung'oa. Tumekosa kwa kutojua, tunaomba radhi. Lakini mume wangu si msemaji. Alikuja huku kwa kujaribu tu, na mche ule ndio alioniambia nao kwamba atakaa. Ukituondoa, atarudi kule kwa kazi ya usiku, na mimi nitakuwa sina mume tena."

Mkono wake ukasimama. "Miezi yote hii alikuwa hajakwambia?"

"Hajaniambia."

"Na wewe hukumuuliza?"

"Niliogopa."

Akaendelea kukuna. "Nenda nyumbani, mwanangu. Mche msiuguse kwanza."

Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, alikuja na jembe, nyuma yake kaka yake Hamisi, kanzu imenyooka. Akamwita Wanyonyi. "Ung'oe."

Wanyonyi akauchimbua na udongo wake, taratibu, kama anayemtoa mtoto kitandani. Bi Mwanasiti akaupokea, akapiga magoti, akaurudisha katika shimo lilelile na kulifukia kwa mikono yake mwenyewe.

"Hamisi, umemwona aliyepanda?"

"Nimekuona wewe, dada."

"Nawe, Wanyonyi?"

"Nimekuona, mama."

"Basi mnazi ni wangu na wanangu. Kuumwagilia ni kazi yenu. Utachukua miaka sita, saba, mpaka uzae. Nazi za kwanza mtakula nyinyi, inshallah, mkiwapo. Mtakuwapo?"

Mume wangu hakunitazama. "Tutakuwapo, mama," akasema.

London nilirudi peke yangu kufunga nyumba. Wenzangu kazini waliniuliza kama maisha ya kule ni rahisi, nikawajibu kwamba bei ni nafuu kweli, ila atakayekwenda aulize mapema nini chaweza kupandwa na nani. Niligawa vyombo, nikauza kitanda, nikafagia.

Asubuhi ya mwisho, nje kukiwa bado giza, simu ikalia.

"Chai imeiva," akasema Wanyonyi.

"Mimi niko London."

"Najua. Nimemimina vikombe viwili, mkono umezoea. Chako kakinywa Bi Mwanasiti."

Niliketi sakafuni katika chumba kitupu, nikacheka huku nalia. "Kesho usinimiminie," nikamwambia. "Kesho kutwa, mimina."