Meza ya Kupitishia Maneno

Katika mji wa Birch Narrows, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, Marekani, Orville Tveit aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani mpaka mgongo ukamgomea. Lakini watu hawakumjua kwa theluji, walimjua kwa maneno. Yeye ndiye aliyeuita ule uji mchafu wa barafu ya mwezi Machi thelutope, na kahawa ya kanisani akaiita kahamaji. Mkewe, marehemu Arlys, alipochelewa kula chakula cha mchana, Orville alimwambia kwa heshima zote kwamba ana njaasira. Arlys alimrushia kitambaa cha vyombo, lakini kesho yake alisikika dukani akilitumia neno hilo hilo kumsema yeye.

Maneno hayo yalikuwa na baraza lake, nalo ni meza ya pembeni katika mgahawa wa Junelle. Sheria ilikuwa moja: neno jipya si neno mpaka mwenzako wa mezani alitumie bila kucheka. Akicheka, limeanguka. Mwenye neno anaruhusiwa kulileta tena, lakini pale pale mezani, si kwa simu wala kwa kadi. Zamani walikuwa wanaume sita, hata viwiko havikupata pa kukaa. Vijana wa sasa hupokea neno likiwa limeshatafunwa na watu wasiowajua, wakalitema baada ya wiki, na kujiona wameendelea. Pale mezani neno lingeweza kuzungushwa kipindi kizima cha baridi kabla ya kupewa kiti.

Wanne walitangulia makaburini. Akabaki Orville na Delmar Kangas, kinyozi mstaafu mwenye uso mzito, ambaye hakuwahi kubuni neno hata moja maishani. Kazi yake ilikuwa kukataa ya wenzake.

Sasa Delmar alikuwa ameuza nyumba. Binti yake alikuwa amemwandalia chumba Arizona, kwenye joto la jangwani, na baraza la mtu mmoja si baraza. Orville alilijua hilo, lakini mwanamume wa Birch Narrows hamwambii mwenzake asiende. Humtania. Basi kila asubuhi alikuja na neno. Kwanza mkimbijua, yaani mkimbizi anayefuata jua. Delmar akatafuna mkate wake, akasema hilo limejaa wivu. Kisha jangwazee. Delmar akamwomba Junelle chumvi.

"Unanirushia matope tu, bwana," alisema mwishowe.

"Thelutope," Orville akamsahihisha.

Asubuhi ya safari, Delmar aliingia na koti limefungwa vifungo vyote. Binti yake alimngoja nje, gari likiunguruma. Hakukaa. Alishika ukingo wa meza, uso umemwiva.

"Nina neno," akasema.

Orville aliweka kikombe chini. "Wewe?"

"Usinikatishe. Kwaheribu. Ni kwaheri na karibu, pamoja. Mtu anaondoka, lakini..." Akakwama. "Basi, umeelewa."

Lilikuwa neno baya. Ukilisikia haraka, unadhani kuna kitu kimeharibika. Junelle aligeuka akajifanya anapanga vikombe. Orville alitakiwa kulitumia tu kwa uso mkavu, nalo lingepita, neno la kwanza la Delmar Kangas, na shughuli ya meza ingekuwa imekwisha kwa heshima.

Orville alifungua mdomo. Kooni hapakuwa na kicheko hata chembe. Akakitafuta, akakivuta kwa nguvu, kikatoka kikikwaruza kama injini inayokataa kuwaka kwenye baridi.

"Umecheka," Delmar alisema.

"Nimecheka. Limeanguka."

"Hicho si kicheko, Orville. Hicho ni kikohozi."

"Aliyecheka ni mimi, na ninayejua ni mimi. Limeanguka, mzee. Itabidi ulilete tena."

Delmar alimtazama kwa muda, kama kinyozi anavyotazama kichwa kabla ya kushika mkasi. Nje honi ikalia.

"Hapa mezani?"

"Sheria sikuitunga peke yangu."

Delmar akavaa kofia. Alisema kwamba mwezi wa Mei barabara huwa safi, theluji imekwisha, na kwamba binti yake hapendi kuendesha safari ndefu, lakini atazoea. Kisha akamwonya Orville asimruhusu mtu kukalia kiti chake, hasa hawa vijana wanaotembea na vidude masikioni, akatoka.