Maji Yaliyobadilika Harufu

Nakumbuka siku ile, masika yakiwa yamepamba moto, babu aliponiita kisimani nyuma ya msikiti wa mtaa wetu, Ngamiani, akanisogezea ndoo. Mwanangu unayesoma haya, nakuita hivyo ingawa umri wetu haujapishana sana. Msiba humkomaza mtu kabla ya mvi.

Babu ndiye aliyekitunza kisima kile. Watu walitawadhia maji yake, na wiki ile bomba lilikuwa kavu, kwa hiyo waliyanywa pia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hebu nusa, mjukuu wangu. Yamebadilika haya."

Nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nasoma kemia, na kila neno la mzee nililidai ushahidi. Nikanusa. Harufu ilikuwapo, hafifu, kama ya yai viza. Sikuisema.

Babu alitaka kukifunga kisima. Alinikumbusha alivyosomeshwa na mwalimu wake wa madrasa: maji yana sifa tatu, rangi, ladha na harufu. Yakiwa mengi, wingi wake huyalinda. Lakini uchafu ukigeuza sifa moja tu kati ya hizo, wingi hauyafai kitu, hata yangejaa birika kubwa kumi za msikitini.

Mimi nikatoa vifaa vyangu begini. Nikapima joto, nikapima chumvi, nikapima tindikali, nikizisoma namba kwa sauti huku majirani wamesimama na madumu yao. Zote zilikuwa za kawaida.

"Babu, namba hazina kasoro. Pua si kipimo."

Fundi baiskeli, jirani yetu, akaangua kicheko. "Mzee Athumani, pua yenyewe imejaa ugoro, leo inatoa fatwa!"

Wakacheka wote. Nami nilicheka. Babu akachota kata moja akanywa mbele yao.

"Msomi kasema," akawaambia. "Tekeni."

Shimo la choo cha nyumba ya pili lilikuwa limepasuka kwa mvua, likivujia kisimani. Tulikuja kulijua hilo baada ya mtaa mzima kuharisha. Wengine walipona. Babu alizidi kunywea kitandani, nami nikimnywesha maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, nikipima kila kijiko, kana kwamba kupima kungeniokoa.

"Babu, wewe ulijua," nilimwambia. "Kwa nini ulikunywa?"

"Nilidhani wewe hukuisikia harufu. Nikasema labda pua yangu imezeeka."

Ningeweza kunyamaza tena. "Niliisikia, babu."

Akageukia ukutani. Hakunigombeza, na hakunisemesha tena mpaka tulipomzika.

Wazee husema maji yakimwagika hayazoleki, na mimi, ninayebishana na kila methali, hii sijapata pa kuishika. Wapo wanaoniambia ajali haina kinga. Siwaamini. Vifaa vyangu havikudanganya hata kidogo: vilisema kweli tupu kuhusu chumvi na joto, mambo ambayo hakuna aliyeyauliza. Babu aliuliza kuna nini ndani ya maji. Mimi nikamjibu kiasi gani.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, ingawa kwangu imechelewa. Kitu kina sifa zake na kina viwango vyake, na kimoja hakisemi kwa niaba ya kingine. Kabla hujapima ni kiasi gani, uliza ni kitu gani. Tumia jicho, tumia pua, kisha ndipo uchukue kifaa. Ulichokihisi usikifiche kwa sababu tu hujakipatia namba. Wahoji wazee, sikukatazi, mimi mwenyewe sijaacha. Ila anza kwa kujihoji wewe, hasa watu wanapokucheka au wanapokusifu.

Mola akujaalie ulimi usiouficha ukweli ulioujua mwili wako, na akuepushe na kijiko kile nilichokishika mimi. Amina.