Maranda ya Vifaranga

Paka wangu alitolewa na mafundi gereji wa mtaa wa Sakina kwenye injini ya gari, macho hayajafunguka. Nilimnywesha maziwa kwa bomba la sindano, na kila akimaliza nilimpangusa makalio kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, maana mtoto wa paka asiye na mama hata kujisaidia hawezi bila kupanguswa hivyo.

Alipoanza kutembea nikamwekea choo chake, beseni la maranda niliyoomba kwa seremala jirani. Hakulitaka. Yeye alipenda kapeti, kona ya nyuma ya kochi, na Jumapili moja kiatu changu cha kanisani. Kila akila nilimbeba hadi kwenye beseni, nikamchimbia kwa kidole kama mwehu. Mama yangu, ambaye naishi naye, alinitazama akasema paka ni wa nje.

Mama naye alikuwa na vifaranga jikoni, ndani ya boksi lenye taa, juu ya maranda yaleyale. Asubuhi moja paka akarukia humo. Mama akanyakua ufagio, mimi nikapiga kelele, vifaranga wakajibana pembeni. Paka hata hakuwatazama. Alichimba, akachuchumaa, akafukia taratibu, akanusa kuhakikisha, kisha akatoka.

Mama akashusha ufagio.

"Wewe ulinisumbua kuliko huyu," akasema. Tangu siku hiyo beseni akawa analisafisha yeye.